Hewa Safi ya Kituo Kikuu

Kwa Dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa najua ukiuona mwandiko huu utaanza kwa kusonya. Sonya tu, halafu usome. Natumaini mgongo umetulia na ile cherehani kubwa haijakusumbua tena mkanda. Mimi mwili ni mzima, mengine utayakuta mbele. Zaidi ya yote nauliza hali ya mpwa wangu, Maswali. Shemeji alipopita hapa juzi aliniambia mmeshamtoa hospitali, kwamba analala ameegemezwa mito mitatu, na kwamba siku hizi hata kuuliza haulizi sana. Hilo la kutouliza limenitisha kuliko hiyo mito.

Simu zangu hupokei, wiki ya tatu sasa. Sikulaumu. Ila ujue kumwandikia barua mtu anayekaa vituo sita vya basi kutoka kwako ni kazi ya kuchekesha. Muuza bahasha aliniuliza kama natafuta kazi, nikalipa haraka nikaondoka. Shemeji amekubali kuibeba. Ningekuja mwenyewe ungenikatiza kabla sijafika panapouma, nami ningeshukuru kukatizwa.

Unajua ninachofanya mjini hapa, ingawa huwaambia watu hujui. Nina visanduku saba juu ya nguzo, kila kimoja kinavuta hewa, kinahesabu masizi na vumbi, kisha kinanitumia namba kwenye kompyuta. Namba ndogo hutokea kwa kijani, kubwa kwa nyekundu. Mkurugenzi wetu anaipenda rangi ya kijani hata tumempa jina hilo kwa siri. Kijani akipita koridoni kila mtu anajitia kutazama mafaili.

Ofisi yenyewe, Dada, imenichosha mpaka kwenye kucha. Mapema mwaka huu palikuwa na kikao cha kupunguza magari barabarani. Walihudhuria watu kumi na tisa, na uani palijaa magari kumi na manane. Madereva waliacha injini zinawaka saa nzima ili wakubwa wakitoka wakute ubaridi ndani. Mimi nilikuja kwa basi, nikachelewa dakika ishirini na tano, nikaandikwa kwenye muhtasari kwamba sioni uzito wa suala la usafiri wa umma. Nilicheka peke yangu mpaka karani wa masjala akaja kuniangalia.

Hata hivyo kikao kile kilizaa jambo la maana. Jiji limepata mabasi ishirini ya umeme. Nimeyaona kwenye majaribio. Unasimama nyuma ya basi limewashwa na unavuta pumzi mpaka mwisho, hukohoi. Ishirini hayatoshi njia zote, kwa hiyo kamati ya usafiri ikakubaliana yaanze na njia moja tu, ile yenye hewa mbaya kuliko zote, na mabasi makuukuu ya njia hiyo yaondolewe. Njia nyingine zitasubiri miaka minne. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni njia yenu. Mabasi mia na ushee ya dizeli yanageuzia pale kituo kikuu, chini ya dirisha lako la kushonea na mkabala na darasa la Maswali.

Sasa hapo ndipo ninapoingia mimi na kichwa changu kikubwa. Miaka tisa nimeandika mapendekezo, na miaka tisa yamewekwa chini ya birika la chai ili lisichome meza. Mwaka huu Kijani akaokota moja. Lilikuwa jambo dogo: madereva wazime injini wanaposubiri abiria. Yakachapwa mabango, wakaajiriwa wasimamizi wenye vizibao, na kituo chote kikapakwa rangi upya ili kampeni izinduliwe mahali penye sura. Kesho yake namba za kituo kikuu zilikuwa kijani. Keshokutwa kijani. Wiki ya pili, ya tatu, ya nane, kijani tupu.

Nilifurahi, Dada. Siwezi kukuficha. Kijani alinishika bega mbele ya wageni akasema huyu ndiye mwenye wazo. Picha yangu ikabandikwa ukutani karibu na mashine ya kudurufu. Niliwekewa meza yenye droo inayofungwa. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa ili kikae vizuri.

Ndipo ukaja wewe, Jumatatu ile, ukiongoza wazazi wenzako kumi na mmoja. Ulibeba kadi ya kliniki ya Maswali na kitambaa cheupe ulichokitundika dirishani siku tatu tu, kimekuwa cheusi. Ukamwambia Kijani kwamba madereva huzima injini wakimwona mwenye kizibao, akigeuka wanawasha, na kwamba mtoto wako anamaliza dawa ya kuvuta kwa wiki mbili badala ya mwezi. Kijani akanigeukia mimi. Watu wote wakanigeukia. Nami nikakuambia, kwa sauti ile ya ofisini, kwamba mama, vipimo havidanganyi. Nilikuita mama. Wewe uliyenibeba mgongoni ukienda kuchota maji, nikakuita mama kama mtu aliyekosea mlango. Uliniangalia, ukakunja kitambaa chako, ukatoka bila kuniaga. Hata sasa nakumbuka ulivyokikunja taratibu, pembe kwa pembe.

Ila siku ile sikuona aibu, niliona hasira. Nilifura. Nilijiambia dada yangu amenidhalilisha kazini kwa sababu ya kitambaa. Maneno yako yakanikera mpaka Jumatano nikachukua ngazi nikaenda kituoni mwenyewe, nikague kile kisanduku, nikuletee cheti cha ukaguzi chenye mhuri nikuwekee juu ya cherehani. Hiyo ndiyo nia niliyopandia ngazi, usije ukadhani nilikuwa na nyingine.

Nitarudi hapo juu ya ngazi. Kwanza nimalize habari ya kamati, kwani hiyo umeisikia nusu. Jumatatu iliyofuata walikaa, wakapanga namba za njia zote. Kituo kikuu kikawa cha mwisho kwa ubaya. Ya kwanza ikawa barabara ya juu, kule kwenye nyua pana, ambako basi hupita kila baada ya dakika arobaini likiwa na wapishi na watunza bustani. Kule kisanduku changu kimefungwa nje ya geti la mlinzi ambaye kila asubuhi anachoma majani makavu chini yake. Nimeandika mara nne kisogezwe. Kwa hiyo mabasi ishirini ya umeme yamepewa barabara isiyo na moshi isipokuwa wa mlinzi mmoja. Nilikuwa nimekaa palepale nyuma ya Kijani, nimeshika faili, nimenyamaza kimya kama maji mtungini. Diwani mmoja aliuliza kama kuna mwenye shaka na vipimo. Nikaangalia viatu vyangu.

Sasa basi, Dada, kaa chini kama umesimama.

Nilipofika juu ya ngazi ile Jumatano, nilikuta kisanduku kimefunikwa mfuko wa plastiki, umefungwa kwa kamba chini ya shingo. Nilitaka kuwatukana mafundi rangi. Kisha nikaliona fundo. Ni fundo langu, lile la kuzungusha mara mbili na kuchomeka ncha ndani, ambalo marehemu baba alitufundisha kwa mizigo. Nikakumbuka yote. Siku ya kupaka rangi nilipanda kukikinga kisije kikarushiwa matone. Kijani akapiga simu anataka hotuba yake ya uzinduzi, nikashuka mbio, nikaisahau plastiki. Wiki kumi na moja mashine ile ilikuwa inavuta hewa ileile ya ndani ya mfuko, siku nenda siku rudi, na mimi nilikuwa napongezwa kwa usafi wake.

Nikaufungua. Nikatoa simu nikaziangalia namba. Hazikuchukua hata robo saa. Zilipanda mpaka nyekundu, zikapita nyekundu, zikafika ile rangi ya zambarau ambayo katika miaka yangu tisa niliiona mara moja tu, siku ghala la matairi lilipoungua. Chini yangu mabasi saba yalikuwa yanasubiri abiria, na yote saba yalikuwa yanawaka. Dirisha lako nililiona. Nilikuona hata wewe, umeinama kwenye kitambaa.

Nikaufunga tena ule mfuko.

Nimeliandika hilo peke yake ili usipate pa kulipita. Nilikuwa na siku tano kabla ya kamati kukaa. Nilichofikiria juu ya ngazi hakikuwa Maswali, wala wewe. Nilifikiria picha ile karibu na mashine ya kudurufu, na jinsi watakavyoishusha, na nani atakuwa amesimama pale akiangalia. Mara ya kwanza nilisahau. Mara ya pili nilifanya makusudi, kwa mikono yangu miwili, na fundo nililikaza vizuri kuliko la kwanza.

Shemeji alipokuja kuniambia Maswali amelazwa, amewekewa hewa ya mtungi, hakujua anamwambia nani. Alinisimulia jinsi alivyotaka kumuuliza nesi kitu na pumzi ikakatika katikati ya swali. Nilimsindikiza shemeji mpaka getini nikimwambia pole, pole sana, kisha nikachukua ngazi nikaenda kuutoa mfuko. Nimeuchana vipande ili nisiweze kuurudisha. Kwa siku sita sasa kisanduku kinavuta hewa yenu halisi, na Kijani ameshapiga simu mara tatu kuuliza kama mashine imeharibika. Wiki zote zile za kijani hakuuliza hata mara moja.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni namba za siku hizo sita, saa kwa saa, zimepita kiwango salama mara tano. Nyingine ni maelezo yangu kwa kamati: mfuko, fundo, ngazi, kuufunga tena, vyote, na sahihi yangu chini. Muda wa kupokea pingamizi unaisha Ijumaa saa tisa alasiri. Mabasi bado yapo kwenye yadi. Zipeleke wewe na wale wazazi kumi na mmoja, mkapigiwe mhuri wa kupokelewa, na nakala mbaki nayo, kwa sababu karatasi katika jengo lile zina tabia ya kupotea.

Utauliza kwa nini sipeleki mwenyewe. Nimejaribu, Dada. Mara tatu nimefika mlango wa masjala na karatasi hiyo mkononi, na mara tatu nimerudi kuifungia kwenye droo. Naijua hofu yangu sasa. Ina mbio kuliko mimi. Nimemwambia shemeji kwamba nikimfuata kuomba hii bahasha, hata nikimpa sababu ya maana, asinipe.

Sikuombi unisamehe, na tafadhali usiniandikie kwamba umenisamehe kabla Maswali hajalala bila mito. Nisalimie wenzako wa chumba cha kushonea, pamoja na yule wa vifungo asiyenipenda. Mwambie alikuwa sahihi. Maswali mwambie mjomba anamsalimu, na akiuliza kwa nini mjomba hafiki nyumbani, mjibu ukweli.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa vipimo vya hewa, kwa siku chache zilizobaki

(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyingine:)

Mama Maswali, amenifuata kweli. Amenikuta kituo cha pili, anahema, anasema kuna ukurasa amekosea. Sijampa.