Taa za Nyumba Nzima

Nyumba ya kupanga, ile ile unayoijua,
Mlango wa nyuma, karibu na tangi la maji.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Mkeo, mwenzangu, hajambo? Mwambie lile gauni alilonitumia bado nalivaa, ingawa limeanza kunibana kwa sababu ambazo sitazitaja kwa mwanamume. Watoto wanaendeleaje na baridi ya huko? Na goti lako, lile ulilolilalamikia mpaka tukadhani uko leba, limepoa? Natumaini barua hii itawakuta wote wazima.

Sisi huku tunapumua. Watoto wanakwenda shule, cherehani yangu inazunguka, mdogo wako anakula na kulala. Hayo ndiyo mazuri yote niliyo nayo, nimeyatanguliza ili usije ukasema nimekurukia shingoni hata karibu sijasema.

Najua unangoja habari za nyumba. Imepanda, shemeji. Kuta zimesimama mpaka ghorofani, paa limeezekwa, na ukisimama jikoni unasikia mwangwi wa sauti yako. Nyumba za mtaa ule mpya zinafanana kama watoto wa gwaride. Siku ya kwanza niliingia ya jirani nikaanza kupima mapazia, mpaka fundi mmoja akaniuliza kwa adabu kama nimepotea.

Sasa kampuni ina utaratibu wake. Kabla ya kumalizia, kila mnunuzi huitwa ofisini kuchagua nyongeza. Nyumba unayopewa ni ya kawaida tu, lakini ukitaka dirisha pana zaidi, au kabati za jikoni za kufika darini, au bafu la namna nyingine, unasema na unalipia. Kuna dada wa mauzo, ana sauti ya kumbembeleza mgonjwa, anakutembeza kati ya mbao zilizobandikwa vigae, vitasa na swichi. Akiba yetu ilitosha nyongeza tatu. Tatu, basi, na hapo tumejibana mpaka mbavu zinaonekana.

Mimi nilijua ninachotaka hata kabla sijavuta kiti. Kibaraza cha nyuma kijengewe ukuta kiwe chumba cha kushonea, maana nimechoka vitambaa vya wateja kulala kitanda kimoja na watoto. Halafu kabati za jikoni. Mdogo wako, ambaye tangu anioe hajawahi kuwa na neno juu ya jambo la nyumbani isipokuwa chumvi, akasema yeye anataka dirisha kubwa la sebuleni na taa. Si taa moja. Taa za dari kila chumba, taa za ukutani ukumbini, taa kwenye ngazi, taa nje kuzunguka nyumba yote. Dada wa mauzo akauliza kama tunafungua hoteli. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulinuniana siku kadhaa. Kisha akaja na ufumbuzi wake, na kwa kweli ulikuwa mzuri. Fundi umeme wa miaka yote ile, kwa nini alipe fundi mwingine amfungie taa nyumbani kwake? Swichi za kampuni alikuwa ameshazidharau, alisema ni vifungo vya shati. Akawaambia watu wa kampuni kwamba taa zote atafunga mwenyewe siku zake za mapumziko, na ile nafasi ya taa ikarudi kwangu. Tukatoka ofisini yeye na dirisha lake, mimi na chumba changu cha kushonea na kabati zangu, tumeshikana mikono kama wachumba. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kufurahi, shemeji. Nakuandikia ili ujue kwamba ilikuwapo.

Akawa anakwenda kila Jumamosi na begi lake la zana. Anarudi amechubuka miguu, ana nundu kwenye paji la uso. Ukimwuliza anasema kule mbao zimetupwa ovyo. Nyumbani naye amekuwa mkali asiyesemeshwa. Mtoto akisogeza kigoda kidogo tu anafokewa kama aliyevunja televisheni. Nikajisemea, haya, uzee umemwahi mwenzangu, na mimi nitavumilia.

Halafu msimamizi wa ujenzi akanipigia simu. Hakumpigia yeye, alinipigia mimi, nikajua si heri. Ni mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Nilipofika kwenye nyumba alinipeleka ukumbini, akawasha umeme wa majaribio, akagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye fremu ya chuma ya taa ya kwanza. Testa ikawaka. Akaenda kwenye ya pili, ikawaka. Mimi ni mke wa fundi umeme, sikuhitaji kufafanuliwa. Waya wa moto mume wangu alikuwa ameufunga mahali pa waya wa ardhini, na yeyote ambaye angeishika fremu ile angekufa pale pale ameing'ang'ania. Wiki moja kabla, kitinda mimba wangu alikuwa amepandishwa kwenye ndoo azifute vumbi fremu hizo hizo. Alipona kwa sababu tu umeme ulikuwa haujawashwa.

Msimamizi alizima swichi, akanitazama, akaniuliza taratibu, "Mama, huyu ni fundi ninayemheshimu. Macho yake yako sawa?"

Nilirudi nyumbani nikamweka kitako. Kwanza alikasirika. Kisha akatania, unamjua anavyotania akibanwa. Kisha akaniambia ukweli. Akasema jua likizama haoni kitu kabisa. Mchana anaona kama anayechungulia kwenye bomba: cha mbele kipo, cha pembeni hakipo. Rangi za nyaya zilianza kumchanganya zamani, na kazini alikuwa anajifanya amesahau miwani ili wenzake wamtajie. Kule kwenye nyumba yetu hakuwa na wa kumtajia. Alikisia. Alikisia, shemeji, kwenye nyumba ya watoto wake.

Daktari wa macho alimpima kwa mashine zote alizo nazo. Akasema tatizo hili halina miwani wala upasuaji. Linaziba kutoka pembeni kuja katikati, na likishaziba halifunguki. Akaniambia angalau linakwenda polepole. Nikamwuliza polepole linakwenda wapi. Akaanza kuandika.

Ndipo akauliza kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo mwenye macho kama hayo. Na mume wangu, kwa sauti ya mtu anayetaja mahali alipozaliwa, akasema, "Baba."

Hapo nataka tuongee mimi na wewe. Miaka yote hii naambiwa mzee wenu alikuwa amechoka, mzee anapenda kukaa ndani, mzee si mtu wa matembezi. Nilipoletwa pale bi harusi mbichi, nilisogeza kiti nifagie, na mama yenu, Mungu amrehemu, akanifokea mbele za watu hadi nikaenda kulia chooni. Nilidhani hanipendi. Kumbe pale kwenu kiti hakisogezwi kwa sababu mzee anatembea kwa kukariri! Na nyinyi mlikuwa mnanitazama tu. Mliogopa nini, kwamba nitarudi kwetu? Ningekaa. Lakini ningejua. Ningempeleka mdogo wako hospitali wakati kunaonekana kitu cha kuokoa, na hata kama hakuna, nisingemwacha ashike nyaya. Nimekukasirikia, shemeji. Nimekukasirikia sana, na sijui nifanye nini na hasira yenyewe kwa sababu nakupenda pia.

Daktari amesema ndugu wote wa damu wapimwe. Mwezi uliopita ulipotupigia simu ya picha, binti yangu alikaa mbele yako usoni ukamwita jina la kaka yake, ukaendelea kumsifia ndevu. Tulicheka tukasema shemeji na utani wake. Sasa sicheki. Nenda kapimwe. Usiniambie goti, usiniambie kazi. Wa kwangu nitawapeleka shule zikifungwa, na juu ya hilo mkono wangu unakataa kuandika zaidi.

Turudi kwenye nyumba, maana nyumba haingoji mtu alie kwanza. Kampuni ilizing'oa nyaya zake zote na kumkataza asiguse tena. Kwa hiyo kama taa tunazitaka, zinarudi kuwa nyongeza ya kulipia, na moja katika zile tatu inatoka. Dada wa mauzo akapiga simu kwa ile sauti yake, akasema sakafu inamwagwa juma hili, tuje tuseme neno la mwisho.

Nilikwenda peke yangu kwanza, kutazama. Kwenye pembe ya ofisi ile kuna ubao ambao mara ya kwanza tuliupita tukicheka, tukasema hiyo ni ya mababu. Vishikio vya chuma bafuni. Reli za mkono pande zote mbili za ngazi. Milango isiyo na vizingiti, sakafu moja sawa kuanzia mlangoni mpaka chooni. Nilisimama pale nikakishika kile kishikio cha maonyesho. Nikaamua. Taa hapana, kabati hapana, chumba cha kushonea nacho kama ni lazima kiende. Tuchukue hivi vya mababu.

Nikamweleza jioni, kwa utulivu, chai mkononi. Aliweka kikombe chini akikitafutia meza kwa kidole. Akasema yeye hajafa. Akasema atapofuka, sawa, hilo limeshaandikwa, lakini hataingia mwenyewe kwa miguu yake kwenye nyumba ya kipofu kabla hajapofuka. Nilimwomba. Nilimpigia magoti, mimi unayenijua sipigi magoti hata nikiokota sindano. Akageukia ukuta.

Tukaenda ofisini bila kusemeshana. Dada wa mauzo akatandaza sampuli zake mezani, akauliza tumeamua nini, na mdogo wako akawahi. Dirisha liwe lile kubwa. Chumba cha kushonea cha mke wangu kijengwe. Na taa, zote, kila chumba, nje na ndani.

Nilisahau kuona haya, shemeji. Nilisahau kwamba tuko mbele ya mtu. Nikamwambia, taa za nini, utaziona wapi wewe? Likatoka hivyo hivyo. Yule dada akainamia vigae vyake kama anavihesabu. Niliona uso wa mume wangu ukivunjika, na sikuwa na namna ya kulirudisha lile neno.

Hakukasirika. Aliutafuta mkono wangu, akagusa kwanza kona ya meza, akaupata. Akasema, "Baba alipopofuka, mama aliacha kuwasha taa. Alisema si haki yeye aone na mwenzake asione. Tukirudi tunawakuta wamekaa gizani wote wawili. Mama alikuwa na macho yake mazima, na alikaa gizani mpaka tukamzika. Wewe utawasha taa. Kila chumba."

Ni kweli hiyo? Wewe ni mkubwa, unakumbuka. Kama ni kweli, niandikie kwamba ni kweli, halafu usiniandikie tena habari za mama yenu kwa muda.

Nimesaini. Taa za nyumba nzima, dirisha, chumba cha kushonea. Hakuna reli, hakuna vishikio, vizingiti vyote vipo mahali pake, na sakafu imemwagwa jana. Dada wa mauzo alilia wakati anagonga muhuri, akasema hajawahi kuona mapenzi namna ile. Nilitamani kumzaba kofi.

Maana hakuna aliyeniuliza mimi kama nataka kuona. Nione nini? Nimwone akipapasa ukuta kutafuta mlango wa chumba chetu? Nimwone akijigonga na kizingiti, anajifanya anatafuta kitu alichoangusha? Mama yenu nilimwona mkatili, sasa namwonea wivu. Alikaa gizani na mtu wake, hakulazimika kumtazama. Mimi nimenunuliwa mwanga wa kutosha. Nitamwona vizuri sana, shemeji, kila pembe ya nyumba, mpaka mwisho.

Nisalimie mkeo, na msome barua hii pamoja, usiifiche. Nisalimie kifungua mimba wako na wale pacha watundu. Ukikutana na shangazi yenu mfupi mwambie nimesikia yote anayonisema, na tutaonana. Binti yangu anakupa shikamoo. Kaka yake naye, mwenye ndevu, anakupa yake.

Mungu akushike mkono huko uliko, akulindie macho, akurudishe kwetu ukiwa unatutambua.

Ni mimi, shemeji yako nikupendaye hata nikikufokea,

Mke wa mdogo wako.