Kabla Hujamnunulia Kaka Ephraim Mashine ya Juisi

Observatory,
Johannesburg.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Emiliana,

Pokea salamu za dada yako, nyingi na za moyoni. Hujambo wewe? Shemeji na watoto hawajambo? Lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda ngazi limepoa, au bado unalifunga kitambaa na kujifanya huumwi? Huku baridi inaondoka, ila nyumba hii ya mlimani haijapata habari. Asubuhi bado navaa soksi mbili. Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Asanteni sana kwa misa mliyomfanyia marehemu mume wangu. Thabo angefurahi kusikia kwamba ameimbiwa Morogoro. Aliishi hapo Mazimbu, kwenye kambi ya wapigania uhuru wa kwao, miaka kumi na miwili, na hadi mwezi uliomchukua alikuwa akibishana na ndugu zake kwamba ugali wa kule ni mtamu kuliko pap ya kwao. Nimevaa nguo nyeusi za mjane kama mila yao inavyotaka, na nitazivaa mwaka mzima. Ndugu zake wamenitendea vema. Sina la kulalamika upande huo.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Umeniambia figo za kaka Ephraim zimechoka, na kwamba mmekubaliana kuchanga mumnunulie mashine ya kukamulia juisi. Ukanitumia picha nne, nikuchagulie iliyo bora, kwa kuwa dada Hyasinta ndiye aliyemkamulia mumewe kila siku na anazijua. Ni kweli, nazijua. Nimekaa na picha zako wiki tano bila kujibu, na najua umeninunia. Lakini kabla hujasoma mbele, nakuomba jambo moja: msinunue. Na kama mmeshanunua, kaka asipewe hata tone mpaka umalize barua hii.

Utajiuliza kwa nini nimeandika karatasi kama mtu wa zamani, badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Ni kwa ajili ya Lerato. Mwanangu huyu Kiswahili cha kusikia anakielewa chote, hata umbea, ila kukisoma hawezi. Hivi ninavyoandika amekaa hapa mezani na kompyuta yake, na akitupa jicho anaona herufi tu. Barua ataibeba Karimu, yule mfanyabiashara wa Kariakoo, anaondoka Ijumaa.

Umeuliza nikujibu, basi nikujibu. Ile ya picha ya kwanza, inayozunguka kwa kasi, ndiyo niliyoanza nayo. Niliinunua Randburg ilipopunguzwa bei, nikajiona mjanja. Inapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Karoti na tufaha inazimudu, lakini juisi inatoka na povu jingi, na ukiiacha dakika chache inajitenga, maji chini, uchafu juu. Majani haiyawezi kabisa. Unatia fungu zima la mchicha, unapata vijiko viwili, na makapi yanatoka yamelowa hata unaona aibu kuyatupa. Kulisafisha lile chujio la waya kunataka mswaki na subira, na subira unajua sikuzaliwa nayo.

Blenda, ambayo wewe unayo tayari, si ya kudharau. Tatizo ni kwamba lazima utie maji, kisha uchuje kwa kitambaa na kukamua kwa mikono, na juisi inakuwa nyepesi. Hii ya mkono ya kugandamizia machungwa nilipewa na Arlène, Mkongo anayenisuka Yeoville. Haitaki umeme, watoto wanaiweza, haiharibiki. Kwa nyumba yenye watu wazima wa afya na watoto wa shule kama yako, hiyo na blenda vinatosha. Mtu asikudanganye ununue kingine.

Ya nne ndiyo ile ya kusaga polepole. Ndani ina kitu kama parafujo nene kinachosokota tunda na kulibana mpaka litoe kila kilichomo. Haina kelele. Unakata vipande vidogo, unatia kimoja kimoja, unasubiri. Thabo alikuwa akikaa jikoni akiitazama na kuniambia, "Eish, mama Lerato, hii mashine yako inafanya kazi kama ofisi ya serikali." Lakini inachokitoa, Emiliana! Bitiruti, mchicha, spinachi, hata majani ya karoti, vyote vinatoka juisi nzito yenye rangi yake, na makapi yanabaki makavu kama unga wa msumeno. Ukiniuliza ipi inakamua vizuri kuliko zote, ni hiyo, wala hakuna ya kuifikia.

Na hiyo ndiyo niliyomuulia mume wangu.

Nimeandika neno hilo na mkono haujakatika, basi niendelee. Ninyi nyote mnajua kwamba moyo wa Thabo ulisimama mwezi wa sita, na ni kweli. Ila hamjui kilichousimamisha, kwa kuwa sikumwambia mtu.

Figo zake zilipoanza kushindwa mwaka jana, kliniki walitupa karatasi ya chakula. Iliandikwa kwamba mboga za majani na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, kisha vichemshwe tena kwa maji mapya. Wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja. Unakumbuka tulivyochapwa siku ile tulipomwaga maji ya mchicha? Alisema tumemwaga nguvu yote na kuwaachia wenzetu takataka. Sasa nesi ananiambia nimpe mume wangu mgonjwa takataka kila siku, mara mbili kwa siku. Nilitii. Nilichemsha, nikamwaga, nikachemsha tena. Kila nikisimama pale kwenye sinki maji ya kijani yakienda, roho iliniuma, nikaona namnyima mtu chakula akiwa ameshadhoofika.

Ndipo nikapata wazo langu la busara. Nikasema, chakula nitapika kama walivyotaka, lakini kile kinachomwagika nitamrudishia kwa juisi. Juisi si chakula, nilijiambia, ni kinywaji, ni kama dawa. Arlène naye akanitia moyo: "Mama, juisi inarudishaka nguvu mu mwili, umupe asubui na magaribi." Sikumwuliza daktari. Wala hata haikunijia kwamba kuna la kuuliza.

Kwa ile mashine ya kwanza hakupata madhara tuliyoyaona, nadhani kwa sababu ilikuwa haifai kitu. Mimi ndiye niliyelalamika. Nilimlalamikia Lerato kila siku kwamba inapoteza, inapoteza, mpaka mtoto wa watu akatumia bonasi yake kumnunulia baba yake hii ya polepole, akaifunga kwa karatasi ya zawadi. Tangu siku hiyo Thabo alikunywa glasi moja kila asubuhi. Bitiruti alikuwa haipendi, alikuwa akiziba pua kama mtoto, lakini alikunywa kwa kuwa ni mimi niliyeishika glasi.

Mwezi wa nne damu yake ilipopimwa, nesi alishtuka. Akaniuliza anakula nini. Nikamweleza kwa majivuno jinsi ninavyochemsha na kumwaga. Akanisifu! Akasema wagonjwa wote wangekuwa na wake kama mimi angepumzika. Juisi sikuitaja, si kwa kuficha, ila hakuniuliza anakunywa nini. Wakabadilisha vidonge tukarudi nyumbani.

Baada ya hapo miguu ikaanza kumwishia nguvu, na akawa analalamika moyo unaruka mapigo. Nami nilipoona analegea nikafanya nini? Nikaongeza glasi ya jioni. Siku tisa, Emiliana. Nimezihesabu mara nyingi kuliko rozari.

Tulipomkimbiza hospitali, daktari kijana alikuja na majibu ya damu, akasema potasiamu imepanda kupita kiasi na ndiyo inayousumbua moyo. Nilikuwa sijawahi kulijali neno hilo, ingawa kwenye karatasi ya kliniki lilikuwepo. Akaanza kutaja vitu vyenye potasiamu nyingi, nami nimwambie kama Thabo alikula chochote: ndizi, nyanya, machungwa, spinachi mbichi, bitiruti. Akasema ndiyo maana wanaambiwa wachemshe na kumwaga maji, kwa kuwa potasiamu inaondoka na maji. Nikaelewa palepale, nikiwa nimesimama. Yale niliyomwaga kwenye sufuria nilikuwa nikiyakamua upya na kumnywesha.

Lerato alikuwa amenishika mkono. Nikamwangalia mtoto, nikamwambia daktari hapana, hajala hata kimoja. Walikuwa wanamtibu tayari, labda nisingebadilisha kitu. Hiyo labda ndiyo ninayolala nayo. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi.

Mashine bado ipo jikoni. Lerato haikubali iondoke, kwa sababu ni zawadi aliyompa baba yake na anaona ilimwongezea miezi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ananikamulia mimi, ananiletea glasi na kunisimamia mpaka niimalize. Naimaliza. Siku nikimwambia ukweli, atajua kwamba pesa yake ndiyo iliyonunua, na mimi sina uwezo wa kumfanyia hivyo. Labda nakosea. Wewe kwa hili usinishauri, nakuomba.

Ninalokutaka ni kwa ajili ya kaka. Usimpigie simu, nenda kwake. Mkae yeye na wewe na wifi yetu Skolastika, kwa sababu wifi ndiye mpishi na ndiye atakayemwonea huruma. Figo si zote zinafanana. Huenda daktari wake akasema anaruhusiwa kitu hiki au kile, sijui, mimi si daktari, na nimejifunza jinsi nisivyo daktari. Lakini aende na majibu yake ya damu, aulize habari ya potasiamu kwa jina lake, na ataje kila kinachopita kooni mwake, cha kula na cha kunywa, hata mitishamba, hata uji wa dada zake. Wakimwambia wifi achemshe mboga na kumwaga maji, amwage, na asimrudishie kwa mlango wa nyuma. Hiyo pesa mliyochanga itawafaa kwa nauli za kliniki.

Najua kaka atabisha. Unamfahamu Ephraim, alimbishia hata padri aliyemfungisha ndoa. Ukimwambia umesoma mahali, atacheka. Ukimwambia daktari amesema, atakuambia madaktari wanataka pesa. Usihangaike naye. Msomee barua hii, yote, na ile sehemu ya glasi ya jioni uisome mara mbili. Nilitaka kukuandikia uifiche, nikaona nikificha tena nitazika mtu wa pili.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Nisalimie wifi Skolastika na mama mdogo wa Kihonda, na uwaambie nimepata khanga zao. Lerato anawasalimu, nimemwambia nakuandikia habari za mashine, akasema nikuambie ununue kama yetu. Mungu amweke kaka yetu. Msali kwa ajili yake kwanza, mimi mnaweza kuningoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama utakaa kimya baada ya haya,

Hyasinta