Mama juu ya gurudumu

Jumamosi, Nachingwea

Bado najiuliza mama aliona nini kule juu.

Tangu baba afariki hakuwa ametoka kijijini Malolo, nami niliogopa safari itamchosha. Mume wangu alitaka bodaboda mbili ili tuwahi. Nikang'ang'ania bajaji, mama akae na wajukuu. Tukala vumbi njia nzima, na kwenye uwanja wa michezo tukapanga foleni juani. Halafu wanangu wawili, waliolilia safari hii wiki nzima, walipoona lile gurudumu kubwa lenye viti vya watu linavyopanda, wakakataa katakata. Nilikasirika sana.

Mama akauliza, "Mtu mzima anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa, mama. Lakini magoti yako..."

"Si unakaa tu?"

Akavua kandambili, akaniachia, akapanda peke yake. Nilibaki chini nimeshika kandambili zake. Mzunguko wa tatu nikamsikia anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Aliposhuka nikamuuliza ameona nini. Akawashika wajukuu mikono, akawaambia, "Twendeni mkaone wenyewe."

Wakamfuata bila kulia.