Ndege Wote wa Dirisha Moja

Idete,
Ifakara.
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Osward,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, na ile ya Mama nimemfikishia mwenyewe, naye anakuitikia kwa moyo wote. Hujambo lakini? Safari hii siulizi kwa mazoea, nauliza nijibiwe, na huko mbele utaona kwa nini. Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anayasahau. Mwanangu Paulina amechaguliwa kwenda kidato cha tano na ataondoka mwezi ujao, kwa hiyo nyumba nzima ni orodha ya ndoo, godoro na madaftari.

Leo ni Pentekoste. Tumerudi kanisani, Mama amejilaza kidogo, nami nimekaa na kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Ukitumiwa ujumbe unajibu kwa kile kipicha cha dole gumba. Dole gumba si habari, Osward.

Barua yako ilifika katikati ya Mei, wakati tunaamia ndege wasiumalize mpunga. Kwelea kwelea wa mwaka huu ni balaa. Wakitua upande mmoja wa shamba unaona mpunga wote unainama. Huo si wakati wa kukaa sebuleni kusoma barua, kwa hiyo Paulina alipanda nayo dunguni, pale juu tunapolindia shamba. Mama alikuwa na kombeo lake na madonge ya udongo, mimi navuta kamba ya makopo, na jirani yetu Agapiti akashuka kwenye dungu lake akaja kusimama chini ya letu ili naye asikie mambo ya Uingereza.

Kurasa nne, zote ndege. Tulicheka, sikufichi. Ulipofika pale pa kununua mbegu za alizeti dukani na kuziweka kwenye kibakuli ili ndege wale washibe, ilibidi Paulina arudie mara mbili. Sisi huku tumekauka koo kwa kufukuza ndege, wewe huko unawaandalia meza. Agapiti alisema, "Huyu kijana arudi upesi, kabla hawajamharibu kabisa." Mama akamwambia anyamaze, amwache mtoto asome.

Lakini niseme ukweli, ni barua nzuri. Sikujua kama huko Northamptonshire, mbali na bahari kila upande, kuna ndege wengi hivyo. Nilimpenda yule mdogo mwenye kifua chekundu anayekuja kwenye kizingiti cha dirisha saa tatu asubuhi kwenye baridi kali, manyoya kayatutumua, anakutazama bila woga. Niliwapenda kunguru wa Machi wanaoibiana vijiti vya kujengea viota. Na wale weusi wadogo wa Novemba, wanaokusanyika kwa maelfu saa kumi jioni jua la kwenu likizama, wanageuka wote kwa pamoja angani. Hao hata Agapiti aliwakubali, ila akauliza wanakula shamba la nani.

Mbayuwayu uliowaona wakifika huko Aprili nao wamenigusa. Huku tunawaona kuanzia Novemba, wamejipanga kwenye nyaya za umeme, halafu ikifika Aprili hawapo. Sikuwahi kujiuliza wanakwenda wapi. Siwezi kuapa kwamba hao wako ndio wetu, ila Paulina ameshaamua ni hao hao na hataki kubishiwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Paulina alipomaliza kusoma, Mama hakucheka. Alisema, "Rudia pale pa mbayuwayu. Walifika siku gani?"

"Jumanne, bibi. Saa nane mchana."

"Na yule ndege mama mwenye makinda?"

"Alikuwa anawaletea wadudu kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Mjomba amehesabu safari arobaini na tatu."

Mama akaweka kombeo chini. Osward, wewe unamjua Mama. Tangu nizaliwe sijamwona akiweka kombeo chini mchana wa Mei. Akasema, "Mwanangu hafanyi kazi. Mtu anayetoka asubuhi hawezi kujua ndege anakuja na kurudi mara ngapi. Sisi tunajua kwa sababu tunashinda hapa dunguni."

Nilimpinga. Nikamwambia labda ni siku zako za mapumziko. Akaniuliza ni mapumziko gani ya kuanzia baridi ya mwaka jana mpaka Aprili hii. Halafu akasema neno ambalo bado linaniuma. "Na hatembei. Ndege wote hao amewaonea mahali pamoja."

Kesho yake mchana nikaichukua barua nikaisoma peke yangu, polepole, na Mama alikuwa sahihi. Hakuna ndege hata mmoja uliyekutana naye njiani. Hakuna wa kituo cha basi, wala wa nje ya ile nyumba ya wazee unakosema unafanya kazi kutoka saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni. Wote wamepita mbele ya dirisha lile lile. Kwa sababu ya saa hizo hizo za kazi ulituambia hutaweza kuja kwenye misa ya kumbukumbu ya Baba, tukakuelewa, tukakutetea mbele ya ukoo. Kosa lako ni moja tu, mdogo wangu. Umejificha nyuma ya ndege, halafu barua ukawatumia watu wanaoamia.

Sijui ni nini. Sijui kama ni mguu, au mgongo, au kazi imekwisha ukaona haya kusema, au mwili ni mzima ila moyo umekataa kuinuka kitini. Mama anauliza kitu kimoja tu, nani anakupikia. Anauliza asubuhi, anauliza na tukiwa shambani. Hajakukasirikia hata kidogo. Mimi nilikasirika siku mbili, nikakusema peke yangu jikoni, kisha nikalia, basi ikaisha.

Tuambie, Osward. Kama ni ugonjwa tuujue jina lake. Kama ni kurudi, chumba cha Baba kipo, na mvua ya Machi haikukigusa. Usianze kufikiria watu watasemaje. Watasema wiki mbili, halafu watavuna mpunga wao.

Najua si rahisi, na ili usione nakuvua nguo peke yako, ngoja nianze mimi.

Shemeji yako Maximilian hayupo hapa nyumbani. Aliondoka Agosti ya mwaka juzi. Yuko Malinyi, ana mke mwingine na mtoto anayetambaa sasa. Zile salamu zake zote nilizokuandikia tangu wakati huo nilizitunga mimi. Hata ile ya kukuuliza kama bado unacheza mpira ni yangu, na nilipoimaliza nilijisifu jinsi ilivyofanana naye. Mama nilimwomba asikuambie. Nilikuwa naona aibu, nikajidanganya kwamba sitaki kukupa mawazo ugenini, kumbe nilitaka abaki mtu mmoja duniani anayeamini kwamba bado nina mume. Ulipokuwa ukijibu, "Msalimie sana shemeji," nilikuwa naifurahia salamu hiyo siku nzima. Sasa umejua. Kusema kweli nimeandika ukurasa huu kwa shida, lakini nimeumaliza na bado nimekaa hapa, sijafa.

Jumapili ijayo tukitoka misa ya kwanza nitapiga simu, Mama akiwa pembeni yangu. Pokea. Hata kama huna la kusema, pokea tusikie unavyopumua.

Mungu akushike mkono hapo ulipo, akupe nguvu za kutamka, na sisi atupe masikio ya kusikia bila kukuhukumu.

Wanaokusalimu ni Mama, Paulina na Agapiti. Safari hii salamu ni chache, lakini zote zimetumwa kweli.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda jinsi ulivyo,

Eveline