Beseni la Mama Bernadeta wa Mkolani

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu beseni lako la bati liegemee ukuta bila wewe kuuliza nani amechukua sabuni yake.

Uliuza nyanya na dagaa sokoni Mkolani, lakini watu walikujua kwa kuogesha vichanga. Mzazi akitoka hospitali uliitwa wewe. Ulipima maji kwa kiwiko, ukaimba Kisukuma, mtoto akalala. Mjukuu wako Queen anasema nusu ya darasa lake uliwaogesha wewe, na anaringa nalo kupita kiasi.

Ndiyo maana, miaka tisa iliyopita, jirani alikuletea wewe binti yake wa miaka saba aliyebakwa. Ulifanya ulichokijua. Ulimwogesha, ukafua nguo zake, ukamlaza. Walipomfikisha hospitali kesho yake, ushahidi ulikuwa umekwenda na maji. Mtuhumiwa aliachiwa, na ukawa unapishana naye sokoni.

Hukujificha. Ulituambia wanao, "Mimi ndiye niliyeosha ushahidi." Baba akakutuliza, "Mama Rose, yaliyopita si ndwele." Ukamjibu, "Haya, basi tugange yajayo," ukajifunga kanga, ukaenda ofisi ya mtaa.

Mtendaji wetu, Obedi, alichoka nawe.

"Shikamoo Mama. Leo tena?"

"Marahaba. Leo tena."

Hukumwacha mpaka askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, muuguzi, afisa ustawi wa jamii na mwalimu mkuu walipokaa benchi moja wakapeana namba za simu, ili mtoto asirudie habari ile ile ofisi nne. Kisha ukazunguka bombani, kwayani, hata msibani, na maneno yako yale yale: "Msimwogeshe. Msifue nguo. Mpelekeni hospitali hivyo hivyo, leo leo." Wapo waliosema huna haya. Mkaidi ulikuwa, tusifiche, na tulikupenda hivyo hivyo.

Mwezi wa nne mwaka huu, mchana, mama mmoja alikuja mbio na mwanawe mgongoni; mtoto alikuwa amebakwa. Hakuwa na habari kwamba umefariki. Binti yako Rose alikwishainua beseni ndipo akakumbuka maneno yako. Akalirudisha ukutani. Alimfunika mtoto kanga, akapiga simu, wakaenda Kituo cha Mkono kwa Mkono pale hospitali, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili. Askari na afisa ustawi wakawakuta huko huko. Mtoto alieleza mara moja tu, akapewa dawa kwa wakati.

Wazee wa upande wa mtuhumiwa walikuja kutaka yamalizwe nyumbani. Baba, ambaye zamani alikutania kwa safari zako za ofisini, ndiye aliyewajibu: "Mke wangu angewafukuza. Mimi nawaomba tu mwondoke." Mwezi uliopita yule mtu alitiwa hatiani.

Lakini tulitaka hasa kukuambia habari ya jioni ile. Daktari alipomaliza na kuruhusu aogeshwe, mama yake alimrudisha mtoto kwetu. Rose akachukua beseni, akapima maji kwa kiwiko. Mtoto akaoga, akala ugali, akalala.

Unakumbukwa na mumeo Ndalahwa, wanao Rose wa Mkolani na Pius wa Pasiansi, mkwe wako Dorcas, mjukuu wako Queen, Obedi na wenzake wa benchi lile, na watoto wote uliowaogesha.

Tutakukumbuka daima, Mama, kila tunapopasha maji.