Nitasema na Vanessa

Bunia, tarehe 9 mwezi wa sita

Mudogo wangu Scholastique,

Nakusalimia sana, weye na nyumba yako yote kule Aru. Goti iko namna gani? Ile dawa ya hospitali ya Nyankunde ilikusaidia? Mimi niko muzima, na barua hii naandika na mukono yangu mwenyewe. Kama mistari imepinda, ni kosa ya meza.

Sasa sikia. Niko najifunza kiespanyol. Usicheke! Jirani yangu Gaspard alicheka mpaka akamwaga chai, akauliza kama kule Barcelona wanatafuta muzee wa kudaka mupira. Nilimujibu kama mu Bunia yote hakuna mutu wa miaka sabini na tatu mwenye kuniweza. Mwalimu wangu ni Masera Claire, mutawa wa paroisse yetu, alikaa Espagne miaka munane. Alitaka tuanze na maneno ya leo. Nilikataa. Nilimuambia ya leo sina, anipe ya siku zinakuja. Tulibishana, akachoka, akanipa.

Iko mwepesi. Unachukua hablar, ndiyo kusema, nzima vile iko, haukate kitu, unaweka mukia. Hablaré, mimi nitasema. Hablarás, weye utasema. Hablará, yeye atasema. Kisha hablaremos, hablaréis, hablarán: siye, ninyi, wao. Nimeziandika na makala ya kupikia ku mulango ya jiko, nazisema nikisimama, mikono nyuma, kama ku masomo ya zamani. Masera alisema hajaona mwanafunzi kichwa nguvu kama mimi. Nilimushukuru.

Yote ni juu ya Vanessa, mutoto wa binti yangu Mireille, kule Espagne. Ana miaka ine, anajua kiespanyol tu.

Na kuna neno nilikuficha, mudogo wangu. Niliwaambia ninyi wote kama Mireille alitusahau kisha kuolewa na muzungu. Weye ulimukasirikia, ukaacha kumuandikia. Ilikuwa uongo. Mireille anapiga simu kila Noeli. Ni mimi ninaikata, sababu aliolewa bila kuniuliza. Noeli iliyopita nilisikia mutoto anaita: abuelo, abuelo. Nilikata vilevile. Ni Masera alinielezea kama ile neno ni babu.

Umuandikie Mireille, umuambie kosa ni yangu. Kisha uje huku. Siku ya yenga, siku ya Mungu, tukitoka misa, nitamupigia. Kusema nitasema, najua yote sita. Lakini simu utaishika weye, mbali na kidole yangu.

Salimia shemeji na watoto. Mungu akulinde mu njia.

Ni mimi kaka yako,
Michée, babu ya Vanessa