Cheti cha Ukutani na Mpini wa Sululu

Kambi ya mradi wa lambo, Handeni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu uanze ile dawa ya kuchua? Na yule mbuzi mwehu, bado anatafuna kanga zako kwenye kamba, au mmeshamfanya kitoweo? Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nalala kidogo. Habari njema zimeishia hapo.

Mama, nimempiga mtu. Nimempiga kichwani kwa mpini wa sululu, kwa nguvu zangu zote, na sasa amelazwa hapo Korogwe. Anaitwa Sanare, kijana wa wafugaji wa huku. Amefumbua macho lakini hasemi, na daktari hajasema kama atapona au la. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungelia na mimi ningekata. Barua hii anakuletea dereva wetu. Mpe chai, lakini usimuulize kitu, atakuongezea chumvi.

Najua unachosema moyoni: hasira za baba yake hizo. Ni kweli. Yule mzee alivunja mlango wa choo kwa sababu kuku wa jirani aliingia ndani, na mimi nimetoka kwenye mbavu zilezile. Ila nilidhani zimeniisha. Nilidhani kile cheti cha usimamizi wa miradi, ulichokitundika karibu na picha yake, kilikuwa ushahidi kwamba zimeniisha.

Nikueleze kwanza habari ya cheti, kwa sababu balaa lote limezunguka hapo. Cheti kile si kama cha ndoa kwamba ukipewa umepewa. Kila baada ya miaka mitatu inabidi uwaonyeshe waliokitoa kwamba umejifunza mambo mapya kwa saa kadhaa, la sivyo kinakufa, na mtu aliyeajiriwa kwa ajili yake anarudi kubeba zege. Wakati nausomea mtihani, maswali yake mengi yalikuwa ya namna moja: mradi umepata shida hii, meneja afanye nini kwanza? Chini yake majibu manne. Nilipokwama nilikuwa najiuliza, mama angefanya lipi? Karibu kila mara lilikuwa lile la kukaa na watu na kuwasikiliza. Hivyo ndivyo nilivyofaulu, mama. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ungeringa.

Sasa mradi wetu. Tunachimba lambo la kukinga maji ya mvua, la wakulima na wafugaji wote. Kabla ya kuanza ilibidi tukae na pande zote mbili tukubaliane mifugo ipite wapi kwenda majini. Kikao tukakiweka siku ya mnada wa ng'ombe. Mtoto mdogo wa huku ukimwamsha usingizini atakuambia siku ya mnada mfugaji hapatikani nyumbani. Mtendaji wa kijiji alijua, mimi nilijua. Lakini ilikuwa siku ambayo wakulima wana nafasi, mtendaji alitaka kazi ianze, nami nilitaka kikao kiwe kimefanyika. Wakulima wakajaa, wakanyoosha mikono, wakapitisha kwamba mtaro mrefu uchimbwe kuzuia ng'ombe wasiingie mashambani. Mtaro huo ukakata katikati njia ambayo ng'ombe wamepita tangu babu zao. Kwenye taarifa nikaandika kwamba wahusika wameshirikishwa.

Mzee Mhina, msimamizi wangu wa vibarua, Mzigua wa hapahapa, aliniambia waziwazi, "Mwanangu, hawa watu wakirudi watakuta mmewafungia mlango. Ng'ombe hasomi muhtasari wa kikao." Nikacheka. Nikamwambia tutawaita baadaye.

Siku ya siku nilikuwa juu ya kilima nyuma ya kambi, ndiko mtandao unakoshika vizuri. Nilibakiza saa moja tu ya masomo ili cheti kisife, na somo nililochagua, mama, lilikuwa la kusuluhisha migogoro. Ndiyo, cheka. Nimekaa juu ya jiwe, simu mkononi, mama mmoja mwenye sauti laini anafundisha kwamba mgogoro ni nafasi ya kujenga uhusiano, na huko chini naona vumbi la ng'ombe linakuja. Niliwaona, mama. Nikasema moyoni, ngoja somo liishe, nikitoka sasa saa haitahesabiwa.

Ng'ombe wakishanusa maji hawasimami. Wale wa mbele walifika kwenye mtaro, wa nyuma wakawasukuma, dume mmoja akatumbukia na mguu ukavunjika. Mlio wake sijawahi kuusikia popote. Wafugaji wakamwambia mwendesha katapila azime mashine, naye, kwa woga au kwa jeuri, akazidi kuunguruma. Rungu moja likapasua kioo chake, la pili likamng'oa jino. Hapo wakulima wakatoka mashambani na mapanga na majembe kana kwamba walikuwa wanasubiri. Niliona jembe likishuka begani kwa mzee wa kifugaji, na fimbo zikishuka juu ya watu bila kuchagua, wanaume waliokuwa wakinunuliana chai mnadani sasa wanapasuana. Ardhi ya huku ni nyekundu, lakini damu ilionekana.

Nikatia simu mfukoni, nikateremka mbio. Nilikuwa nakwenda kuamua ugomvi, naapa. Nikamkuta Mzee Mhina yuko chini, sikio limechanika, na mtu juu yake ana fimbo. Sululu ilikuwa hapo, chuma kimechomoka umebaki mpini. Nikauokota. Yule mwenye fimbo akakimbia. Nikageuka, nikaona kichwa kinachomoza kutoka mtaroni, shuka jekundu, nikapiga.

Hakuwa na kitu, mama. Alikuwa ameshuka mule kumtazama dume wake. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ukingo wa mtaro, anajivuta kutoka. Aliniangalia usoni kabla sijapiga, nami nikapiga, na nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu: kwa muda mfupi sana niliona raha. Halafu akarudi chini polepole akalala ubavuni mwa ng'ombe wake. Simu ilikuwa bado inaongea mfukoni mwangu. Yule mama alikuwa anasema tukikasirika tuvute pumzi.

Ndipo watu wote wakaacha kupigana. Si kwa sababu yangu, nadhani walichoka. Tukamtoa kijana mimi na nduguye, yeye miguuni mimi mabegani. Dume alichinjwa palepale mtaroni ili asiteseke, na nyama yake haikuliwa na mtu wa upande wowote. Inzi ndio waliofaidi.

Jioni bosi wangu wa mjini akapiga simu. Akaniambia niseme kijana alikuwa na sime. Mtendaji yuko tayari kushuhudia, na wakulima wote wameshaiona hiyo sime, hata waliokuwa makwao wameiona. Akasema nikikubali, itakuwa nilijitetea, mradi utaendelea na mimi nitaendelea nao. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. Kisha nikamtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia, nikaenda polisi na Mzee Mhina, sikio lake limefungwa kitambaa, nikaeleza mikono ya yule kijana ilikuwa wapi. Wameniachia kwa dhamana ya Mzee Mhina, kwa sharti nisivuke wilaya. Sanare akifa, dhamana itafutwa, na nadhani unajua kinachofuata. Kazi imeshakwenda. Handeni na Korogwe ni pua na mdomo, na siwezi kufika hata kusimama mlangoni pa wodi.

Kwa hiyo nakuomba jambo, mama, na najua ni zito. Nenda Korogwe. Lala kwa shangazi pale Kilole, jiko lake liko karibu na hospitali. Wodini utamkuta mama mmoja amekaa chini kando ya kitanda, hataki kiti. Ndiye mama yake Sanare, kwao wanamwita Yeyo. Ametoka mbali, hana ndugu pale mjini, na nduguye Sanare ameniambia anaishi kwa chai ya kantini. Akikusalimu takwenya, itikia iko. Kiswahili anakijua vizuri, ila ukiona hajibu usidhani hajasikia.

Mpikie. Maziwa usikose, na nyama ya mbuzi, hata yule mwehu kama bado yuko hai. Lakini sikiliza vizuri hapa, kwa sababu nakujua, wewe ukimwona mtu ana njaa unamjazia sahani kwanza ndipo unamuuliza jina. Safari hii usifanye hivyo. Usifungue chungu kabla hujamwambia wewe ni mama wa nani. Kwao, kama kwetu, ukila chakula cha mtu umekubali kukaa naye. Akila bila kujua, tutakuwa tumemwibia hata hasira yake, na ndicho kitu pekee tulichomwachia. Mwambie: mimi ndiye niliyemzaa aliyempiga mwanao. Mwambie kijana wake hakuwa na silaha, mwanangu mwenyewe amesema hivyo polisi, ili asikie kutoka kwetu kabla hajasikia habari ya sime. Halafu nyamaza. Anaweza kukutukana, anaweza kukumwagia ule mchuzi. Usimjibu, na usimtetee mwanao.

Naogopa, mama. Siogopi jela kama ninavyoogopa lile jicho lilivyonitazama pale ukingoni. Naliona nikinawa uso, naliona nikifunga kamba za viatu.

Kuhusu cheti: jioni ileile ulikuja ujumbe kwenye simu kwamba nimehitimu somo la kusuluhisha migogoro na saa yangu imehesabiwa, hongera. Kumbe ilikuwa inahesabu muda wote, mfukoni, wakati napiga. Walichotaka ni nithibitishe tu kwa kubonyeza mahali. Sijabonyeza na sitabonyeza. Kikifa na kife. Kishushe ukutani, picha ya baba iache.

Nisalimie shangazi wa Kilole na umwambie asinitetee kwa majirani. Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, mwambie asije huku na vijana wenzake kunipigania, maana najua ameshaanza kunoa panga. Akija nitampiga yeye. Hapana, futa hilo. Mwambie namwomba asije. Msalimie na babu mzaa baba, mwambie kwamba wajukuu wake bado tunavunja milango.

Mzee Mhina anakusalimu sana. Amesema sikio litapona, ila sasa atakuwa anasikia habari za Wazigua tu. Bado ana moyo wa kutania, sijui anaupata wapi.

Nimejiuliza lile swali la mtihani siku zote hizi: meneja afanye nini kwanza? Jibu halijabadilika, na ndiyo maana nakutuma wewe. Kama Yeyo atakula, nitumie salamu kwa dereva. Kama atakataa, rudi na chungu chako hivyohivyo kimejaa, ulale Kilole, na kesho yake upike tena.

Mwanao aliyekosa,
Athumani